Nahodha wa kontena na seva mbili za Dodoma

Kubernetes ni neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha, na kazi ya programu hiyo huria ni kuongoza kontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi, zilizotawanyika katika seva nyingi. Google waliitangaza mwaka 2014, wakitumia uzoefu wa mfumo wao wa ndani uitwao Borg, na toleo la 1.0 lilipotoka Julai 2015 waliikabidhi kwa taasisi mpya, Cloud Native Computing Foundation. Naamini makabidhiano hayo, pamoja na leseni ya Apache 2.0 inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, ndiyo yaliyoziondolea benki na viwanda hofu ya kujenga juu ya mali ya kampuni moja.

Ubora wake ni kwamba huielekezi hatua kwa hatua. Unaandika hali unayoitaka, tuseme nakala tatu za programu ya malipo ziwe zinafanya kazi muda wote, nayo hulinganisha kilichoandikwa na kilichopo, na nakala ikifa huwasha nyingine. Kwa sababu hiyo inawafaa CERN katika utafiti wa fizikia, na inawafaa pia Chick-fil-A wa Marekani, walioweka kompyuta ndogo tatu katika kila mgahawa.

Hiyo tatu ina sababu yake. Ofisi moja niliyoihudumia hapa Dodoma ilikuwa na seva mbili tu za usimamizi, yaani zinazofanya uamuzi wa Kubernetes, nami nikaridhia kwa kuwa fedha ya nyingine haikuwapo. Usiku mmoja wa Januari radi ilikata umeme, na seva moja ikazimika. Ya pili iliendelea kuwaka taa zake za kijani, feni ikivuma, lakini kila amri niliyoandika ilirudishwa na kosa. Etcd, hifadhi inayotunza hali ya klasta, yaani kundi zima la seva, hukubali mabadiliko pale tu wanachama walio wengi wanapoafikiana, na wingi wa wawili ni wawili. Kontena za seva iliyobaki ziliendelea kuhudumia watu. Za ile iliyozimika hazikuweza kuhamishiwa popote hadi asubuhi. Kwa usimamizi, basi, seva mbili ni dhaifu kuliko moja, maana yoyote ikianguka uamuzi wote husimama.

Ofisi yenye programu mbili na fundi mmoja naishauri ibaki na seva moja na nakala rudufu zinazojaribiwa kila mwezi. Ofisi ile ilikuwa na programu nyingi zaidi, kwa hiyo tuliongeza ya tatu, kompyuta ya kawaida ya mezani, ikawekwa chumba kingine na UPS yake, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Haiendeshi kontena hata moja. Kazi yake ni kupiga kura.