Sheria haikumzuia kuhani: dhana potofu kuhusu mfano wa Msamaria Mwema

Katika Luka sura ya 10, mwanasheria, yaani mtaalamu wa Torati, anamuuliza Yesu jirani yake ni nani. Yesu anamjibu kwa mfano: mtu anashambuliwa na wanyang'anyi akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko; kuhani na Mlawi (mtumishi wa hekalu asiye kuhani) wanampita, Msamaria anamhudumia na kumlipia dinari mbili kwenye nyumba ya wageni. Nikiwafundisha wahubiri wapya sura hiyo, sifiki mstari wa 31 kabla mkono haujanyanyuka. "Mwalimu, kuhani alipita kando kwa sababu angegusa maiti angenajisika, asingeweza kuhudumu hekaluni." Nimeisikia darasani, nimeisikia mimbarini, nimeisikia hata msibani. Luka hakuiandika popote.

Tuanze na njia. Yerusalemu iko mlimani, takriban mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bondeni, kama mita 250 chini ya usawa huo. Katikati ni mteremko wa kilomita zipatazo 27 katika nyika kavu ya mawe. Luka anasema kuhani "alishuka kwa njia ile". Anayeshuka ameipa Yerusalemu kisogo. Kama alikuwa na zamu hekaluni, imekwisha. Wahubiri wangenunua ramani moja kabla ya kununua kitabu cha pili cha maelezo, hoja hii ingekufa yenyewe.

Halafu sheria. Walawi 21 inamkataza kuhani kujitia unajisi kwa maiti, isipokuwa ya ndugu wa karibu. Inasema na wana wa Haruni, yaani makuhani, si na Walawi wote. Basi yule Mlawi alijificha nyuma ya kifungu gani? Na Hesabu 19, inayosema agusaye maiti atakuwa najisi siku saba, haisemi kwamba ametenda dhambi. Inampa utaratibu wa kujitakasa. Watu walizika wazazi wao, wakanajisika, wakatakaswa, maisha yakaendelea.

Zaidi ya hayo, yule mtu hakuwa maiti. Aliachwa "karibu ya kufa", na Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema wazi kwamba palipo na hatari ya uhai, hata Sabato inawekwa kando. Na angekuwa amekufa? Marabi wanajadili humohumo: kuhani mkuu na mnadhiri (mtu aliyejiweka wakfu kwa nadhiri, asiyeruhusiwa kugusa maiti) wakikuta njiani maiti isiyo na wa kuizika, ni yupi kati yao ajinajisi aizike? Wanabishana ni nani; hakuna anayesema waiache. Najua Mishna ilikusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, kwa hiyo sidai kwamba kuhani wetu aliisoma. Ila wanaoniambia "desturi ya Kiyahudi ilimzuia" hawajawahi kuniletea andiko la desturi hiyo.

Tena Msamaria naye alikuwa na vitabu vilevile vitano vya Musa, Hesabu 19 ikiwemo. Kama kikwazo kilikuwa unajisi, kilimhusu na yeye.

Sasa walipita kwa nini? Yesu hakusema. Martin Luther King, mchungaji na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akihutubia Memphis tarehe 3 Aprili 1968, siku moja kabla ya kuuawa, aliwaza kwamba labda ni woga: barabara ile ilikuwa ya hatari, na huenda aliyelala pale alikuwa chambo tu. Aliitoa kama dhana, na angalau inalingana na barabara yenyewe. Ushauri wangu ni mkavu zaidi: waache wapite bila sababu, kama Luka alivyowaacha. Sisi tunawatafutia udhuru, na udhuru tunaowapa unaugeuza mfano kuwa mashtaka dhidi ya Torati. Hapo tunasahau kwamba amri za upendo, Kumbukumbu la Torati 6:5 na Walawi 19:18, zilitajwa na mwanasheria mwenyewe, na Yesu akamwambia, "Umejibu vema." Sura hiyohiyo ya 19, mstari wa 34, inaagiza mgeni naye apendwe.

Dhana nyingine sina haja ya kuzichelewesha.

Wasamaria hawakuwa wapagani. Walimwabudu Mungu wa Israeli kwenye mlima Gerizimu, na wazao wao wapo hadi leo, mamia kadhaa, karibu na Nablus na mjini Holon. Ugomvi ulikuwa wa ndugu, ndiyo maana ulikuwa mchungu: Yohana Hirkano, mtawala na kuhani mkuu wa Wayahudi, alibomoa hekalu lao katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Sura moja tu kabla ya mfano huu, kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu, na Yakobo na Yohana wanataka kukiteketeza kwa moto. Wasikilizaji walizoea mpangilio wa kuhani, Mlawi, kisha Mwisraeli wa kawaida. Uone katika Ezra 10:5. Walimngoja huyo wa tatu, akatokea adui.

Kwamba mwenye nyumba ya wageni ni Paulo na nyumba yenyewe ni Kanisa, hayo ni ya Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale. Yahubiri ukipenda, ila usiseme ni ya Luka. Dinari mbili ni ujira wa siku mbili wa kibarua, soma Mathayo 20.

Na ukiandaa somo hili, anza na 2 Mambo ya Nyakati 28:8-15. Watu wa Samaria wanawavika nguo mateka wa Yuda, wanawalisha, wanawanywesha, wanawapaka mafuta, wanawapandisha wadhaifu juu ya punda na kuwafikisha Yeriko kwa ndugu zao. Ni vigumu kuamini kwamba mwanasheria, mtu wa maandiko, hakuikumbuka habari hiyo akimsikiliza Yesu. Wahubiri wengi ninaowafundisha hawajawahi kuifungua.