Kuskani sio kukatalogi: mambo ya maktaba ambayo watu wanayaelewa ndivyo sivyo

Nikimwambia mtu nafanya kazi maktaba ya chuo, kitengo cha kuingiza vitabu na tasnifu kwenye mfumo wa kidijitali, jibu huwa moja tu, "aah, kwa hiyo unaskani?" Ndio naskani, lakini ukinihesabia masaa ya wiki nzima kuskani hata robo haifiki. Na kila bajeti ikijadiliwa nasikia maneno yale yale, mengine yanatoka kwa maprofesa kabisa, watu wenye vitabu vyao wenyewe humo humo maktaba, ndo maana leo nimeona bora niyaandike niyamalize.

"Nunueni skana nzuri, leteni vijana watano wa fildi, miezi mitatu kazi imeisha"

Hii ndo inanichosha kuliko zote. Kuna chuo nilipitia zamani, sikitaji jina, walifanya hivyo hivyo. Vijana wakaskani kweli tena kwa bidii, fildi ikaisha wakarudi kwao, wakaacha hadi diski (hard disk) moja ina mafaili 4,216 na yote yanaitwa SKANI_0001, SKANI_0002, mpaka mwisho. Hamna jina la mwandishi, hamna mwaka, hamna kitu. Ni sawa na kukabidhiwa ghala la magunia yaliyoshonwa midomo yote halafu mtu anakuuliza mchele uko wapi. Mengine yanaanzia ukurasa wa tatu kwa sababu ule wa jina ulikuwa umegandana na jalada, na kuna moja ni tasnifu mbili ndani ya faili moja, nadhani kijana alitoka kunywa chai akarudi akaendelea na nyingine bila kufunga ile ya kwanza. Hiyo hadi diski nilipohama ikanifuata, kwa makubaliano ya wakubwa, na mpaka leo iko mezani kwangu.

Ukweli ni kwamba kuskani ni kupiga picha tu. Kinachomwambia mwanafunzi kwamba kitu kipo ni katalogi, ile rekodi unayoiona ukitafuta kwenye kompyuta. Rekodi hizo kwenye maktaba nyingi duniani zinaandikwa kwa mpangilio unaoitwa MARC, ulitengenezwa Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 na timu ya mama mmoja anaitwa Henriette Avram, na huyo mama wala hakuja kama mkutubi, alikuwa mtu wa programu za kompyuta. Kila taarifa ina namba yake: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 300 ni kurasa na kimo, 650 ni mada. Ukikosea hapo kwenye 245 herufi moja tu kitabu kimepotea, hata kama kiko shelfuni unakigusa kwa mkono.

Hili nasema kwa aibu maana mimi mwenyewe niliwahi kuandika "utamauni" badala ya "utamaduni" kwenye tasnifu moja ya fasihi. Miaka miwili! Dada mmoja wa umahiri akaja, anasema supavaiza wake ana uhakika hiyo kazi ipo kwa sababu yeye ndo aliyeisimamia, nikatafuta hamna, nikamwambia hamna. Nikaja kuiona kwa bahati nikiwa napanga shelfu, imekaa pale pale panapotakiwa, na faili lake liko kwenye seva, limeskaniwa vizuri kabisa, rangi na kila kitu.

Halafu majina. Chukua Shaaban Robert. Mkutubi mmoja ataandika "Robert, Shaaban" kama Wazungu wanavyogeuza majina, mwingine ataandika "Shaaban Robert", wa tatu "Shaaban bin Robert". Wewe na mimi tunajua ni mtu mmoja, ila kwa kompyuta hao ni watu watatu, na mwanafunzi akibonyeza jina moja anaona vitabu viwili anadhani ndo mwisho. Kwa hiyo lazima muwe na orodha ya majina mliyokubaliana na kila rekodi ifuate hiyo, na kuitunza hiyo orodha ni kazi ya mtu kila siku, sio ya kijana wa fildi.

"Si mnachukua tu rekodi mtandaoni, zote zipo"

Hapa kuna ukweli nusu. Kitabu cha kawaida cha dukani unaingiza namba ya ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwenye mfumo, sisi tunatumia Koha, ile programu ya bure iliyotengenezwa New Zealand ikaanza kutumika mwaka 2000 (koha kwa Kimaori ni zawadi, napenda sana hilo), unavuta rekodi iliyokwisha andikwa na maktaba nyingine unarekebisha kidogo dakika tano umemaliza. Hata vitabu vya huku kwetu vingi vina rekodi nzuri kwa sababu Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi yake Nairobi tangu 1966, inanunua vitabu, magazeti na machapisho ya serikali kutoka nchi chungu nzima za Afrika na kuvikatalogi.

Lakini ISBN yenyewe imekuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1970. Vya kabla ya hapo havina. Na vitu ambavyo kweli vinatufanya tuwe maktaba ya chuo na sio duka la vitabu, yaani tasnifu, ripoti za utafiti, vijitabu vya semina, taarifa za vijiji zilizopigwa chapa kwa taipu, havijawahi kuwa na ISBN na hakuna maktaba nyingine duniani yenye rekodi yake kwa sababu nakala iko kwako tu.

Nikupe mfano mmoja. Mwezi uliopita nimeshika kijitabu cha kurasa 22, jalada la karatasi ya kaki, kinahusu kilimo cha pamoja, hakina mwandishi wala mwaka. Sasa mwaka unaupata wapi? Unasoma. Ukurasa wa 4 kinataja TANU kama chama kilichopo, basi ni kabla ya Februari 1977 maana hapo TANU na ASP waliungana ikazaliwa CCM. Ukurasa wa 17 kinasema makao makuu yanahamia Dodoma, na uamuzi huo ulipitishwa 1973. Kwa hiyo unaandika ndani ya mabano ya mraba, kati ya 1973 na 1977, mabano yanamwambia msomaji kwamba hii haijaandikwa kwenye kitabu, ni mkutubi amekadiria. Dakika arobaini nzima kwa kijitabu ambacho kuskani kulichukua dakika sita. Hapo bado hujaweka mada.

Na mada nako kuna kisa chake. Vyuo vingi huku tunatumia orodha ya mada ya hao hao Wamarekani, iko kwa Kiingereza. Kitabu cha mashairi ya Kiswahili kilichoandikwa kwa Kiswahili na Mswahili mada yake inasomeka "Swahili poetry". Mwanafunzi akiandika "ushairi" anapata vile tu ambavyo neno hilo limo kwenye jina lenyewe la kitabu, vingine vyote havimjii. Mimi naongeza maneno ya Kiswahili kwa mkono kila nikipata nafasi, kuna wenzangu wanasema napoteza muda, sawa, ila takwimu za utafutaji kwenye mfumo wetu nazisoma mimi na naona watu wanaandika nini.

"Kompyuta siku hizi inasoma maandishi yenyewe, hamna haja ya mtu"

Inasoma, sikatai. Programu kama Tesseract ni ya bure na Kiswahili imefundishwa, ukiipa kitabu kilichochapwa vizuri mambo yanakwenda. Sasa mpe tasnifu ya taipu ya mwaka 1978, tena ile nakala ya tatu ya kaboni, herufi zimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki, "rn" inakuwa "m", "ng'ombe" inakuwa "ngombe" au "ng ombe" au hata "ng1ombe", halafu mtu anatafuta ng'ombe kwenye chuo chenye tasnifu za mifugo kibao anaambiwa hakuna.

Kwenye Kiswahili cha herufi za Kiarabu ndo usiseme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hazina ya miswada ya namna hiyo, mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen aliikatalogi pamoja na kanda za sauti, katalogi ikachapwa Leiden, Uholanzi, 1970. Mwandiko wa zamani mara nyingi herufi moja inabeba b na p, wakati mwingine hata mb, na alama ya i ndo hiyo hiyo ya e, ya u ndo ya o. Kwa hiyo neno "kupona" kwenye karatasi linaweza kusomeka "kubuna", na anayejua ni lipi ni mtu anayeijua lugha na anayelijua shairi, anayesikia mizani ikigoma akisoma vibaya. Mashine haisikii mizani. Labda siku moja itasikia, lakini sio hii skana ya hapa ofisini.

"Ikishaingia kwenye kompyuta, karatasi tupa, nafasi hamna"

Aprili 18, 2021, ilikuwa Jumapili, moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuchoma chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger. Vitabu na machapisho ya masomo ya Afrika kama 70,000 viliungua, na filamu za DVD kama 3,500. Vilivyokuwa chini vilinusurika moto kwa sababu milango ya kuzuia moto ilishuka, ila maji ya kuzimia yakavifikia, watu wa kujitolea wakaja kuvitoa kreti kwa kreti, vingine vikagandishwa kwenye barafu visiote ukungu. Nikisimulia hii watu wanasema "unaona sasa, ndo maana tuweke kila kitu kidijitali tuachane na makaratasi."

Sawa. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, British Library, ikavamiwa na wahalifu wa mtandaoni, katalogi yao ikazima. Vitabu viko ndani salama, mamilioni, lakini katalogi ya mtandaoni ilirudi Januari 2024, tena kwa kutafutia tu bila huduma nyingine. Moto ulikula karatasi, hawa wengine walikula kompyuta, kwa hiyo mwenye akili anatunza vyote viwili. Na bila katalogi, likitokea la kutokea, huwezi hata kujua umepoteza nini.

Kuhusu nafasi nako watu hawapigi hesabu. Ukurasa wa A4 kwa rangi, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ukihifadhi kama TIFF, aina ya faili la picha, bila kubana ni megabaiti 26 hivi. Tasnifu ya kurasa 200 ni gigabaiti 5 na ushee. Tasnifu elfu moja, terabaiti 5, na nakala ya akiba lazima ziwe walau mbili na moja isikae jengo hilo hilo, kwa hiyo zidisha mara tatu. Halafu diski zinakufa, kila miaka kadhaa unahamisha, na umeme nao unalipiwa. Nilipompelekea bosi hesabu hii alinyamaza akaniuliza kama hatuwezi kutumia fleshi.

"Skana ya ofisini inatosha, ile ya kumeza karatasi"

Kwa fomu za likizo, ndio. Tasnifu za zamani zimebanwa kwa pini na hizo pini zimeota kutu, ukivuta zinaondoka na karatasi. Unaingiza kibapa chembamba chini ya mguu wa pini, unainua taratibu, unasubiri. Karatasi za kaboni ni laini mpaka maandishi ya ukurasa wa nyuma yanaonekana, unaweka karatasi nyeusi chini yake yanapotea. Kitabu kilichojaladiwa hukilazi kifudifudi ukakigandamiza kama chapati, kinawekwa kwenye kitanda chenye umbo la V na kamera inatoka juu. Sisi cha kwetu amekichonga fundi seremala, mbao na kitambaa, na hakijawahi kuharibika, tofauti na mashine ya bei mbaya iliyo jirani yake.

"Zote ziwe bure mtandaoni, si ni mali ya chuo"

Hii naipita haraka. Kwa sheria za Tanzania na Kenya haki ya mwandishi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, aliyefariki 1990 kazi yake inalindwa mpaka 2040. Chuo kumiliki nakala sio kumiliki haki. Tasnifu inategemea fomu aliyosaini mwanafunzi, na wa miaka ya 70 hawakusaini fomu ya intaneti kwa sababu hapakuwa na intaneti. Tunachofanya ni kuweka rekodi wazi kwa kila mtu, na faili lenyewe linasomeka ndani ya maktaba mpaka ruhusa ipatikane. Wengi tukiwapata wanafurahi, mzee mmoja alikuja mwenyewe na wajukuu.

Ile hadi diski sasa. Naifungua kila siku asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa, faili kumi, siku nyingine tatu tu. Nimefika 1,312. Jana nilikwama kwenye SKANI_1309, imeanzia katikati ya sentensi inayosema "na ndipo wavuvi wakakataa", kuna ramani ya pwani imechorwa kwa kalamu ya wino, na pembeni ya ukurasa wa 61 mtu ameandika kwa mkono "sio kweli, mwulize babu yako".

Nimeandika 245, ndani ya mabano ya mraba: Tasnifu kuhusu wavuvi. Kesho naanza kutafuta ni pwani gani.