Waelimishaji rika vyuoni Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dodoma ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vyote vilianzishwa 2007, na hosteli moja inaweza kulaza kijana wa Kagera, wa Mtwara, wa Pemba na wa Kondoa. Waelimishaji rika, yaani wanafunzi wanaojitolea kuongoza wenzao katika mazungumzo ya kabila, dini, jinsia na ulemavu, wanafanya kazi nzito, na mengi yanayosemwa juu yao si kweli.

Linalorudiwa zaidi ni hili: "Tanzania hatuna ukabila, mazungumzo hayo yanatugawa." Tuna makabila zaidi ya 120 na Kiswahili kimetuunganisha, hilo ni la kujivunia kwa dhati. Ila kutopigana hakumaanishi hatudharauliani. Mfano uko hapa hapa: Mgogo, mwenyeji wa Dodoma, kuitwa ombaomba. Wapo wa mwaka wa kwanza wanaoshuka stendi na neno hilo tayari wanalo mdomoni. Mwelimishaji rika aliyejiandaa haishii kusema "acheni, si vizuri". Anaeleza kwamba Ugogo ni nchi kame, mvua yake ni ya msimu mmoja na haiaminiki. Anaeleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ukafuata, na njaa iliyoitwa Mtunya ikaua watu wengi mno. Waliobaki walitawanyika kutafuta chakula. Watu walioishi kwa mifugo, mtama na uwele kwenye ardhi ile hawastahili kuitwa wavivu, na anayelijua hilo huona aibu kulirudia.

"Lakini ni utani tu." Utani wa jadi una wenyewe. Pande zote mbili zinajua zinataniana, na zina wajibu wa kusaidiana, hasa msibani. Kumkejeli mbele ya darasa mtu asiye mtani wako ni kumdhalilisha.

Wengine huamini kwamba kuishi chumba kimoja kunatosha, chuki itaisha yenyewe. Angalia vimbweta, yale mabenchi ya nje ya wanafunzi, jioni: mara nyingi watu hukaa na wa kwao. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki zaidi pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana na uongozi unaowaunga mkono. Kwa hiyo mwanafunzi kiziwi akialikwa kwenye kundi bila mkalimani wa lugha ya alama, hajashirikishwa bado.

Si kweli pia kwamba mwenye ualbino ndiye lazima aongoze mada ya ualbino. Yeye si msemaji wa wote, na ana haki ya kukaa kimya kama mwanafunzi mwingine.

Na wanaouliza kama wanafunzi wanaiweza kweli kazi hii wajue kwamba Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa na programu ya mijadala ya aina hii tangu 1988, na wanafunzi waliofunzwa huiongoza. Hawatoi mhadhara. Huuliza, husikiliza, hulinda zamu ya kila mtu kusema.

Mipaka nayo ipo. Aliyenyanyaswa kijinsia hasuluhishwi kwenye mazungumzo ya kundi. Akitaka, mwelimishaji rika humsindikiza hadi dawati la jinsia au kwa mshauri wa wanafunzi, na habari zake hazifiki kimbwetani.