Jiwe la Manda na Lipu ya Vidaka: Kipi Huitwa Madini?

Wengi wetu tukisikia neno madini hufikiria dhahabu, vito au chochote kichimbwacho kikauzwa. Kwa wanajiolojia, bei haimo kabisa katika hesabu. Madini ni kitu kigumu, kilichoumbika chenyewe ardhini au majini, chenye kemikali za uwiano unaojulikana, na ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia, yaani fuwele.

Sharti la mpangilio ndilo linalohitaji kutazamwa kwa makini. Twaa punje ya chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, uiangalie kwa kioo cha kukuzia: utaona pande bapa na pembe mraba, na ukiivunja, vipande navyo hupasuka kwa pembe zilezile, kwa kuwa ndani yake sodiamu na klorini zimepangana kwa zamu pande zote. Kipande cha chupa hakifanyi hivyo; hupasuka kwa mikunjo kama ya gamba la chaza, kwani atomu zake ziliganda bila safu. Ndiyo sababu hata kioo kinachotokana na volkano, ambacho hakikutengenezwa na mtu, si madini.

Mpangilio huohuo hutenganisha vitu vyenye kemikali moja. Tumbawe lililo hai hujijengea mifupa ya aragonaiti, ambayo ni kalsiamu kaboneti. Likishakufa na kukaa nchi kavu maelfu ya miaka, maji ya mvua huiyeyusha kidogo kidogo na kuigandisha upya kuwa kalsaiti, kalsiamu kaboneti ileile iliyopangwa vingine. Kwa hiyo jiwe la Manda, yaani jiwe la matumbawe ya kale kutoka kisiwa cha Manda, lililojengea nyumba za Lamu, ni mwamba, nayo madini ni zile chembe zilizomo ndani yake.

Lipu ya vidaka, yaani vishubaka vya ukutani katika nyumba hizo, ina kisa kingine. Jiwe hilo likichomwa tanurini hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na kubaki chokaa. Fundi huikoroga kwa maji, akaipaka ukutani, nayo hunyonya gesi hiyo hewani polepole hadi igeuke kalsaiti tena. Hata hivyo haihesabiwi kuwa madini, kwa kuwa imetokana na kazi ya mkono. Naliona sharti hili kuwa la haki, ingawa kulithibitisha kwa macho ni vigumu: tone la siki hutoa povu kwenye jiwe, na hutoa povu lilelile kwenye lipu.