Je, wajua kwa nini mechi moja iliisha 222 bila?

Si kosa la uchapaji. Tarehe 7 Oktoba 1916, jijini Atlanta, Marekani, chuo cha Georgia Tech kiliichapa Cumberland, chuo kidogo cha jimbo la Tennessee, pointi 222 bila. Huu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi. Ukivuka nao mstari wa mwisho unapata pointi sita, na mkwaju unaofuata unaongeza moja. Georgia Tech walivuka mara 32.

Kocha wao alikuwa John Heisman, na kisa kilianzia kwenye besiboli. Mapema mwaka huohuo Cumberland walikuwa wamewafunga Georgia Tech 22 bila, huku wakidaiwa kuchomeka wachezaji wa kulipwa. Heisman alikuwa kocha wa besiboli pia. Hakusahau.

Baadaye Cumberland wakaivunja timu yao ya mpira na kuomba mechi ifutwe. Heisman akakataa: mkataba ni mkataba, msipokuja mnalipa faini ya dola 3,000. Pesa hiyo chuo kidogo kingeitoa wapi? Wakaokotwa wanafunzi waliopatikana, wakapandishwa treni. Inasimuliwa kwamba mmoja wao aliudondosha mpira, akamwona mwenzake yuko karibu, akapiga kelele, "Uokote!" Mwenzake akamjibu, "Okota mwenyewe, wewe ndiye uliyeuangusha!" Hadi mapumziko walikuwa nyuma 126.

Kisasi hakikuwa sababu pekee. Waandishi wa michezo walizoea kupima ubora wa timu kwa wingi wa pointi, jambo ambalo Heisman aliliona upuuzi. Mnataka pointi? Haya, hesabuni. Binafsi naona watoto wa watu walibebeshwa ugomvi usiowahusu.

Cha ajabu, Heisman ndiye aliyepigania kwa miaka pasi ya kurusha mpira mbele iruhusiwe. Mchezo wa enzi hizo ulikuwa msukumano wa miili, na vijana walikuwa wakifa uwanjani. Pasi hiyo ilihalalishwa mwaka 1906. Lakini siku ya 222, timu yake haikurusha hata moja. Ya nini?

Nje ya msimu alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Alifariki Oktoba 1936, na mwaka huohuo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, iliyoanza kutolewa 1935, ikapewa jina lake. Ndiyo hiyo tuzo ya Heisman inayotolewa kila Desemba.