Sekunde Ngapi kwa Mzunguko? Kumwekea Mkimbiaji wa Skuli Lengo Linalofikika

Alikuja ofisini na daftari lake la hesabati mkononi. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwembamba, raba zake zimeshachanika ubavuni. Nyuma ya jalada ameandika kwa kalamu nyekundu 4:30, muda anaoutaka katika mita 1500. Chini yake kuna 4:50, muda alioupata kwenye kiwanja cha skulini kwao. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya mtu mwenye haya, kuna 5:12. Huo aliupata Uwanja wa Amaan, Unguja.

"Mwalimu, kila siku nafanya tizi, na mbio zinarudi nyuma," aliniambia. Alikuwa ameshaazimia kuacha riadha akacheze mpira.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipeleke kiwanjani kwao, tukachukua futi kamba ndefu, tukaufuata mstari wa chokaa anaouzunguka kila alasiri: mnazi uliopinda kona hii, goli lisilo nyavu kona ile. Tukapata mita 372. Skuli nzima ilikuwa ikiamini ni 400, na mimi mwenyewe niliwahi kupita pale nikawapigia saa bila ya kuuliza. Aibu hiyo naibeba.

Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya mita 400. Ukiizunguka mizunguko hiyo kwenye kiwanja cha mita 372, unakimbia mita 1395 tu, pungufu ya 105. Chukua dakika 4 na sekunde 50 za mita 1395, mwongeze mkimbiaji mita 105 kwa mwendo ule ule, unapata 5:12. Kijana hakurudi nyuma hata sekunde moja. Amaan ilimpa muda wake wa kweli, na ule wa skulini ndio uliokuwa ukimdanganya.

Nimeanza na mkasa huu kwa sababu wazazi na walimu wa michezo huniuliza lengo liwe kiasi gani, na ni nadra kuniuliza muda uliopo umepimwaje. Kosa la kipimo haliko kwenye viwanja vya chokaa peke yake. Hata kwenye uwanja rasmi, mita 400 ni za njia ya ndani kabisa. Anayezunguka njia ya nne hukimbia mita 22 zaidi kila mzunguko. Simu nayo inayopima umbali kwa setilaiti huyumba, hasa kwenye kona na chini ya miti. Kama hapo ulipo hakuna uwanja uliopimwa, pima wewe kwa kamba, weka alama ya jiwe, kisha mbio zote za kujipima zifanyike hapo hapo, saa ile ile ya siku, kwa saa ile ile ya mkononi. Kiwanja cha mita 372 si kibaya ukijua kwamba ni 372.

Sasa tulitazame lile 4:30. Kijana alidhani anatafuta sekunde 20, kumbe alikuwa anatafuta 42. Ukigawa kwa mizunguko, 5:12 ni sekunde 83 kila mzunguko na 4:30 ni sekunde 72. Kupunguza sekunde 11 kwa kila mzunguko ndani ya msimu mmoja si lengo, ni dua.

Na dua hiyo ilimuumiza kwenye mbio zile za Amaan. Kwa bahati mwenziwe alikuwa amempigia saa kila mzunguko kuanzia pale alipoondokea. Wa kwanza 72. Wa pili 84. Wa tatu 90. Mita 300 za mwisho akazikimbia kwa sekunde 66. Ile 72 ya mwanzo ndiyo mwendo wa 4:30 hasa; alikuwa mtiifu kwa daftari lake. Mwili ukamlipisha. Mtu anapoanza kwa mwendo unaozidi uwezo wa pumzi zake, misuli hulazimika kutoa nguvu bila ya oksijeni ya kutosha, miguu inakuwa mizito kama imefungiwa mchanga, na mzunguko wa tatu ndipo deni linapodaiwa. Waliokimbia 1500 wanaujua mzunguko huo: kelele za mwanzo zimekwisha, na za mwisho hazijaanza.

Kwa hiyo lengo la kwanza tulilomwekea halikuhitaji hata mapafu mapya. Tuliandika 5:04, yaani 81, 81, 81, na 61 kwa mita 300 za mwisho. Ni sekunde 8 tu, asilimia mbili na nusu hivi. Kwa mkimbiaji aliyeshazoea mazoezi kwa mwaka mmoja, mimi huanzia kwenye asilimia 2 hadi 3 kwa msimu. Anayeanza kabisa hupunguza zaidi ya hapo, pengine nusu dakika katika 1500 miezi ya mwanzo, kwa sababu mwili wake haujawahi kuombwa kitu. Hapo ndipo wengi wanapopotea: mwaka wa kwanza mtoto ameshusha sekunde 30, wa pili anategemewa ashushe 30 nyengine. Hashushi. Kadiri unavyokuwa bora ndivyo kila sekunde inavyokuwa ghali, na anayepunguza sekunde 5 katika mwaka wa tatu anastahili kupigiwa makofi kuliko aliyepunguza 30 katika wa kwanza.

Anayetaka kuhamia masafa marefu zaidi asibahatishe. Ipo kanuni ya mhandisi wa Marekani, Pete Riegel: masafa yakizidishwa mara mbili, muda unazidi kama mara 2.085. Mtu wa 5:12 katika 1500 atazamie kama 10:50 katika 3000, na hapo awe amefanya mazoezi ya masafa hayo, si kuamka tu siku ya mashindano.

Halafu kuna joto. Mwezi wa Septemba 2025, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, mjini Tokyo, kwa 2:09:48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule alikuwa amekimbia Boston kwa 2:05:04 na akawa wa pili. Yaani dhahabu ameipata kwa muda mbaya zaidi kwa dakika zaidi ya nne. Tokyo kulikuwa na joto na unyevu, na kwenye hali hiyo damu inagombaniwa: misuli inaitaka, na ngozi inaitaka ili mwili upoe. Sisi wa visiwani tunalijua jasho lisilokauka. Muda wa Januari kwenye kaskazi usiuweke mzani mmoja na wa Julai kwenye kipupwe. Lengo la muda liwekwe kwa miezi ya baridi. Kwenye kaskazi inatosha kumaliza kwa mwendo sawasawa. Na kwa kuwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, mwezi huo sahau saa kabisa. Mbio nyepesi karibu na Magharibi, au baada ya kufuturu, zinatosha kulinda ulichokichuma.

Pemba wana jambo lao la ziada. Barabara za Wete na Chake Chake zinapanda na kushuka, na mtoto aliyekulia kwenye vilima hivyo ana miguu kuliko saa yake inavyosema. Muda wake wa barabarani usitumike kumpangia lengo. Mpelekeni Uwanja wa Gombani, apimwe huko.

Wasichana nawatengea maneno yao, kwa sababu nimeona wengi wakilaumiwa bure. Balehe huwapa wavulana wengi misuli na kasi ambayo hawakuifanyia kazi. Msichana wa umri huo huo mwili wake unabadilika kwa namna nyengine, na muda unaweza kusimama mwaka mzima ingawa mazoezi hayajapungua. Huo si uvivu. Lakini akichoka kupita kiasi, apimwe damu. Anayepoteza damu kila mwezi na kutwa anashindia chai na boflo yumo hatarini kupungukiwa na madini ya chuma. Dagaa, samaki, maharage na mchicha viwemo kwenye sahani, na chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Msichana anayefanya mazoezi makali na hedhi ikamkatika kwa miezi mitatu, lengo la muda liwekwe kando, aende kwa daktari. Makocha wanaume tunaona haya kuuliza. Mwalimu mwanamke au mama yake aulize.

Kijana wetu tulimpima tena baada ya wiki saba, Amaan, alasiri yenye upepo wa kusi. Sikumwonyesha saa. Alikimbia 81, kisha 83, kisha 84, akamalizia mita 300 kwa 60. Jumla 5:08. Lengo la 5:04 hakulipata. Alikaa kwenye majani, kichwa kati ya magoti, nami nikimsubiri aulize amekosa kwa ngapi.

"Mwalimu," akasema baada ya kupata pumzi, "mzunguko wa tatu ulikuwa tisini, sivyo? Leo?"

Nikamwambia themanini na nne. Akaomba kalamu.