Zumu ya flashi ikiwa nje ya kamera: maana yake na namna ya kuipanga

Zumu ya flashi ni upana wa mwanga unaotoka kwenye kichwa chake, ukitajwa kwa milimita kama vile ni lenzi. Ndani ya kichwa kuna taa na kiakisi chake, mbele yao plastiki yenye mistari. Vikisogezwa karibu na plastiki hiyo mwanga hutawanyika. Vikirudishwa nyuma hujikusanya. Ule mlio mdogo unaousikia ukibadili namba ni mota inayovisogeza.

Flashi ikikaa juu ya kamera, namba hufuata lenzi yenyewe. Ukiitoa na kuiweka kwenye stendi, kufuata huko hakuna maana tena: lenzi ya 85 mm haina habari na mwavuli wa kulainisha mwanga ulioko mita tatu pembeni. Kwa hiyo ondoa zumu kwenye otomatiki, chagua namba mwenyewe. Trigga nyingine (kifaa cha redio kinachowasha flashi kutoka kwenye kamera), kama Yongnuo YN560-TX ikitumika na YN560 IV, hukuruhusu kuibadili bila kutoka ulipo.

Namba zenyewe zina hesabu rahisi, maana zimepangwa kwa kihisi cha kamera cha 36 × 24 mm (full frame). Kwa umbali wa mita 2, zumu ya 24 hufunika takriban mita 3 kwa 2. Ya 105 hufunika kama sentimita 69 kwa 46 tu: uso na mabega, basi. Flashi tupu, yaani isiyo na mwavuli, ikielekezwa ukutani ikiwa 105 hutoa duara la mwanga nyuma ya mtu. Ikiwa 24 huosha ukuta mzima.

Panapokosewa zaidi ni kwenye mwavuli. Chukua wa mita 1, flashi ikiwa sentimita 65 kutoka kitambaani. Kwa 24 mwanga unagusa karibu sentimita 98 kwa 65, yaani kitambaa kinatumika kweli. Kwa 105 unapiga doa la sentimita 22 kwa 15. Wapo wanaofanya hivyo wakitafuta nguvu, halafu wanashangaa kivuli cha pua kimekuwa kikali kama cha flashi tupu. Mwavuli umebaki jina. Chanzo cha mwanga ni lile doa. Anza na 24 hadi 35. Mwanga ukivuja kando ya kitambaa na kumulika ukuta, panda hatua moja. Kwenye softboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) shusha namba kabisa, hata kile kiplastiki cha kuvuta cha 14 mm kinafaa.

Ukibadili zumu ya flashi tupu, pima mwanga upya. Canon 580EX II kwa ISO 100 ina namba elekezi (kipimo cha nguvu ya flashi: umbali mara namba ya f) ya mita 28 ikiwa 24 na mita 58 ikiwa 105. Ni kama maradufu, yaani mwanga wa katikati umeongezeka takriban mara nne, yaani stopu mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu), na nguvu hujaigusa.

Kujua kama mwavuli umejaa, upige picha wenyewe: ISO 100, f/16, 1/125, flashi kwenye nguvu ya chini kabisa. Ikitoka nyeupe tupu, funga hadi f/22. Ikiwa nyeusi, ongeza nguvu kidogo. Ukiona katikati pameungua na kingo ni kijivu kizito, zumu imebana mno.